Hesabu za Karanga Bungeni

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Mlabani, Ifakara)



Twataka kunena habari ya Bunge la Uingereza na karanga zilizokusudiwa kulimwa katika nchi yetu, kwa kuwa ndani yake mna fundisho kwa kila ashikaye kalamu.

Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, Waingereza walipungukiwa mafuta ya kula, na dola za kununulia ng'ambo zilikuwa haba. Mwaka 1947 Serikali yao ikaleta shauri: eka zaidi ya milioni 3 za Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini zilimwe kwa mashine, kwa gharama ya kadiri ya pauni milioni 25. Fikira yenyewe ilipendeza masikioni: Mwingereza apate mafuta, na Mwafrika apate maendeleo. Mwaka 1948 ikapitishwa sheria ya kuunda shirika la kuiendesha kazi hiyo.

Lakini huko Kongwa mvua ilikuwa haba, na udongo wakati wa kiangazi ulikuwa mgumu mno, ukaharibu vyombo. Mkulima wa mpunga katika bonde letu la Kilombero hapandi kabla hajautazama mto. Mgogo naye aliijua mvua ya kwao, ila hakuwa na mjumbe katika Bunge lile.

Novemba 1949 mabishano yakawa makali. Wakaguzi walikuwa wamesema kwamba vitabu vya hesabu vya shirika havikutunzwa ipasavyo. Wapinzani wakadai uchunguzi. Waziri wa Chakula, John Strachey, akautetea mpango, na Serikali ikashinda kwa kura. Walakini kura haioteshi karanga. Januari 1951 mpango ukaachwa, na pauni zaidi ya milioni 36 zikafutwa katika hesabu.

Mabwana, fikira za uchumi hunenwa Bungeni kwa maneno mazuri na tarakimu kubwa kubwa. Tarakimu hizo hazizaliwi Bungeni. Huanzia mezani kwa karani: katika kipimo cha mvua, orodha ya mishahara, na stakabadhi ya vyombo vilivyoharibika. Zikikosekana, au zikipambwa ili kumpendeza mkubwa, waheshimiwa hubishana gizani, na hasara humwangukia asiyekuwamo barazani.

Basi tusiseme, "Sisi ni waandishi tu." Yatupasa kuandika mvua iliyonyesha, wala si ile iliyotumainiwa.