Dhahabu ya Kilwa, Reale za Unguja



Katika makumbusho ya taifa ya sanaa ya kale mjini Lisbon kimehifadhiwa chombo cha ibada cha dhahabu, kirefu kupita sentimita 70. Mitume 12 wamepiga magoti kukizunguka kioo cha katikati, na tako lake limenakshiwa maua, ndege na konokono. Ukingoni mwa tako hilo yamechorwa maandishi ya Kireno: Mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru chombo hiki kifuliwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kazi ikamalizika mwaka 1506. Kilwa inayotajwa ni Kilwa Kisiwani, hii hii yetu.

Dhahabu yenyewe ilichimbwa nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hadi Sofala na kupandishwa pwani kwa vyombo vya tanga. Kilwa ilitajirika kwa kuishika njia hiyo. Julai 1502 Mreno Vasco da Gama akatia nanga mbele ya mji. Chini ya vitisho vya mizinga yake, Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa, alikubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi ya kila mwaka. Alitoa mithkali 1,500 za dhahabu, yaani zaidi ya kilo 6.

Mnyonge anapotoa kodi ya utii, mara nyingi hudhani ananunua amani. Mwenye nguvu huiandika kuwa ungamo. Mwaka 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, alifika Kilwa akidai malimbikizo ya kodi. Bila malipo ya 1502, lisingekuwapo deni la 1505. Mji ukavamiwa, Ibrahim akakimbia, Muhammad Ankoni akatawazwa na Wareno, na ngome ikajengwa. Mwaka 1512 waliiacha ngome hiyo, lakini biashara ya Kilwa ilikuwa imekwisha kuvurugwa. Waandishi wanaoyaita mambo haya mapatano, mimi siwakubali hata kidogo.

Tuje Unguja, maana huko mvutano ulikuwa wa ndugu, na suala la maana ya malipo likajadiliwa waziwazi. Seyyid Said, mtawala wa Maskati na Zanzibar, alipofariki mwaka 1856, mwanawe Majid alibaki na Zanzibar, na mwanawe mwingine, Thuwaini, akabaki na Maskati. Majid aliahidi kumpelekea nduguye reale 40,000, sarafu za fedha za wakati huo, kwa mwaka. Kwa Thuwaini hiyo ilikuwa kodi ya jimbo kwa makao makuu. Kwa Majid ilikuwa hisani ya ndugu kwa ndugu, na hisani haidaiwi. Malipo yaliposimama, Thuwaini akaandaa merikebu za vita mwaka 1859. Waingereza wakazirudisha, kisha wakajifanya waamuzi.

Uamuzi wa Lord Canning, Gavana Mkuu wa India, ulitoka Aprili 1861. Zanzibar ilitakiwa iendelee kulipa reale 40,000 kila mwaka pamoja na malimbikizo ya miaka miwili, reale 80,000. Kiasi hakikubadilika hata reale moja. Kilichobadilika ni sharti: barua yake ilieleza kwamba malipo hayo hayamaanishi Zanzibar iko chini ya Maskati, ni fidia kwa Maskati kuacha madai yake, na ni njia ya kusawazisha mirathi ya mali ya baba yao. Fedha zile zile zilizokuwa dalili ya utii zikawa ushahidi wa kujitawala. Kilwa haikupata barua ya namna hiyo.

Lakini uhuru ulioandikwa na mwamuzi mwenye nguvu una mipaka yake. Mwaka 1866 Thuwaini aliuawa na mwanawe Salim, na Majid akakataa kumlipa mwana aliyemuua baba yake. Mwaka 1873, Seyyid Barghash, mrithi wa Majid, alipotia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, serikali ya India ya Waingereza ilichukua jukumu la kuilipa Maskati. Unguja ikapumua. Hata hivyo, aliyelipa kwa niaba yake ndiye aliyepata sauti barazani mwake, na mwaka 1890 Zanzibar ikawa nchi lindwa ya Uingereza.

Ninaziomba idara zetu za historia ziitafsiri barua ya Canning na maandishi ya Lisbon kwa Kiswahili, na kuyaweka mikononi mwa wanafunzi wa sekondari. Ni kurasa chache tu, na kazi hiyo tunaiweza wenyewe.