Maji na Ukuta: Nani Aliyetuambia Kwamba Hatuogelei?



Ipo kauli ambayo wengi wenu mmeisikia, na huenda baadhi yenu mmeitamka: mtu mweusi mifupa yake mizito, maji hayamchukui. Husemwa kwa kicheko, kama jambo la maumbile lisilohitaji ushahidi. Jioni hii nataka kuipinga kwa nguvu zangu zote, kwa sababu naamini kauli hii huua. Mtoto anayeambiwa kwamba mwili wake umeumbwa kuzama hapelekwi kufundishwa, na asiyefundishwa, siku maji yatakapomkuta, huzama kweli. Kisha kifo chake hufanywa ushahidi wa kauli ileile.

Tutazame kumbukumbu. Mwaka 1602 Mholanzi Pieter de Marees alichapisha kitabu kuhusu Pwani ya Dhahabu, yaani Ghana ya leo, na humo akawasifu wenyeji kwa wepesi wao majini na ustadi wao wa kupiga mbizi. Hakuwa peke yake. Mwanahistoria Kevin Dawson, katika kitabu chake Undercurrents of Power cha mwaka 2018, amekusanya maelezo mengi ya wasafiri walioshangazwa na waogeleaji wa Afrika Magharibi, wakati ambapo mabaharia wengi wa Ulaya walivuka bahari bila kujua kuogelea. Wahispania walipotaka lulu za kisiwa cha Margarita, pwani ya Venezuela, waliwalazimisha Waafrika waliowafanya watumwa wapige mbizi wakazitafute chini ya bahari. Hakuna aliyelalamika wakati huo kuhusu mifupa mizito.

Hata mtindo huru, ambao leo unatawala mashindano, haukuzaliwa Ulaya. Mwaka 1844 Wahindi Wekundu wawili wa kabila la Ojibwe waliogelea mbele ya watazamaji wa London, wakirusha mikono juu ya maji kwa zamu. Waingereza waliokuwa wamezoea kuogelea kama chura waliona ni ushenzi wa kurusharusha maji, ingawa mikono ile ilikwenda kasi kuliko yao.

Basi, watu waliokuwa mabingwa wa maji walifikaje mahali pa kuitwa watu wasioogelea? Jibu moja, na kwangu ndilo zito zaidi, liko katika historia ya bwawa la kuogelea la umma nchini Marekani. Katika miaka ya 1920 na 1930 miji ya huko ilijenga mabwawa makubwa ajabu, mengine ya kuchukua maelfu ya watu kwa siku. Jeff Wiltse, aliyeichunguza historia hiyo katika Contested Waters mwaka 2007, anaonyesha kwamba wanaume na wanawake waliporuhusiwa kuogelea pamoja, ubaguzi wa rangi majini ulikaza. Wazungu waliogopa kumwona mwanamume mweusi karibu na mwanamke mzungu aliyevaa nguo ya kuogelea. Tarehe 21 Juni 1949 jiji la St. Louis liliwafungulia watoto weusi bwawa la Fairground Park. Siku hiyohiyo umati wa Wazungu uliwazingira na kuwapiga.

Miaka 15 baadaye, tarehe 18 Juni 1964, waandamanaji weusi kwa weupe waliingia pamoja katika bwawa la hoteli ya Monson Motor Lodge mjini St. Augustine, Florida. Meneja wa hoteli akaleta tindikali na kuimwaga majini. Picha ya tukio hilo ilizunguka dunia: mtu mzima, amevaa vizuri, anamimina sumu karibu na vichwa vya watu walio hai. Kesho yake Baraza la Seneti lilipitisha Sheria ya Haki za Kiraia.

Sheria haikufungua maji yote. Jiji la Jackson, Mississippi, lilikuwa na mabwawa matano, manne ya Wazungu na moja la weusi. Lilipotakiwa kuyachanganya, liliamua kuacha kabisa kuendesha mabwawa, na mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema jiji halikuvunja katiba. Fikirini uzito wa uamuzi huo. Katika jua la Mississippi, watu walikuwa tayari watoto wao wenyewe wakose bwawa la jiji, ilimradi wasigusane na watoto wa wengine majini.

Hapa niwaombe tukae kidogo na hadithi fupi. Tarehe 18 Julai 1964, mwezi mmoja kamili baada ya tindikali ya St. Augustine, jarida la The New Yorker lilichapisha "The Swimmer" ya John Cheever. Mhusika wake, Neddy Merrill, yuko kando ya bwawa la marafiki katika kitongoji cha wenye nacho. Anaamua kurudi kwake kwa kuogelea, kutoka bwawa la jirani huyu hadi la jirani yule, kana kwamba yote ni mto mmoja. Mto huo anaupa jina la mkewe, Lucinda. Wengi huisoma kama hadithi ya pombe, umri na kufilisika, nao hawakosei. Mimi hunishika pale Neddy anapofika kwenye bwawa la umma. Ananusa klorini, anasikia kelele na filimbi, analazimika kuoga na kunawa miguu kabla ya kuingia. Anaona kinyaa maji yaliyojaa watu, na walinzi wanampigia kelele atoke kwa kuwa hana kisahani cha utambulisho. Hadithi haitaji St. Augustine wala Jackson. Lakini mto Lucinda ni ramani ya Marekani ya miaka ile: maji matamu yamezungushiwa ua nyuma ya nyumba za watu binafsi, na bwawa la wote limebaki mahali pa kupita haraka. Wiltse anaeleza jambo hilohilo kwa nyaraka, kwamba ubaguzi ulipokatazwa Wazungu wengi walihamia kwenye klabu na mabwawa ya nyumbani. Sijui mwandishi mwingine aliyeliona mapema kiasi hicho.

Ukuta wa namna hii hurithiwa hata baada ya kubomolewa. Mama asiyejua kuogelea humkataza mwanawe kusogelea maji, na humkataza kwa mapenzi. Ndiyo maana nililia machozi mwaka 2016 Simone Manuel alipogusa ukuta kwa sekunde 52.70 katika mita 100 za Olimpiki mjini Rio, sawasawa na Penny Oleksiak wa Kanada, akawa mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kushinda dhahabu ya mtu mmoja katika kuogelea.

Na ndiyo maana siwezi kumcheka Eric Moussambani. Mwaka 2000, kwenye Olimpiki ya Sydney, kijana huyu wa Guinea ya Ikweta aliogelea mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52.72, peke yake, baada ya wenzake wawili kuondolewa kwa kuruka mapema. Alikuwa amejifunza kwa miezi michache katika kibwawa cha hoteli, na hakuwahi kuona bwawa la mita 50 kabla ya michezo ile. Dunia ilimfanya kichekesho. Mimi naona mtu aliyenyimwa bwawa maisha yake yote, akaogelea mpaka mwisho, kisha akarudi kwao kuwafundisha wengine.

Turudi kwetu. Mabwawa mengi ya Dar es Salaam na Nairobi yako hotelini, kwenye klabu na kwenye shule za ada kubwa. Bahari na maziwa yapo, lakini nayo yana kuta zake. Pale Forodhani, Unguja, vijana wanaoruka makachu hujirusha kutoka ukutani kwa ustadi unaosimamisha watalii, na karibu wote ni wavulana. Dada zao wamelelewa kwenye ufuo uleule. Kule Nungwi, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea kwa mavazi yanayofunika mwili mzima, ukaandaa pia wanawake wa hapohapo kuwa walimu. Heshima ya dini haikuguswa. Kilichokuwa kikikosekana ni nguo inayofaa na mwalimu wa kike.

Sitaki kueleweka vibaya kuhusu misiba yetu. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na gati la Ukara, watu 228 walikufa, na kosa halikuwa la abiria. Kivuko kilijazwa kupita kiasi, na anayenaswa chini ya chombo kilichopinduka hasaidiwi sana na kuogelea. Ukaguzi na majaketi ya kujiokolea havina mbadala. Lakini vifo vingi vya maji havitangazwi redioni: mtoto aliyeteleza kisimani, mvuvi aliyetupwa na wimbi usiku, msichana aliyekwenda kuchota maji mtoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, wengi mno wakiwa katika nchi maskini na za kipato cha kati.

Bangladesh, nchi iliyojaa maji, haikusubiri mabwawa ya vigae. Katika mpango wa SwimSafe walijenga majukwaa ya mianzi ndani ya madimbwi ya vijiji, wakawafundisha watoto kuanzia miaka minne kupuliza mapovu, kuelea chali, kuogelea mwendo mfupi na kumwokoa mwenzao bila kujitosa. Vifo vya maji miongoni mwa waliofundishwa vilipungua sana. Mianzi tunayo, na mafundi tunao.

Kwa hiyo ombi langu kwa Chuo hiki ni dogo na la wazi. Tunaandaa walimu ambao watapangiwa Ukerewe, Mafia, Kyela na Kigoma. Wasihitimu kabla hawajaweza kuelea chali, kukaa majini dakika chache bila hofu, na kumfundisha mtoto kufanya hivyo. Pawe na saa za wanawake, na walimu wa kike. Mtaala wa mafunzo hayo nimeukabidhi kwa Kitivo cha Elimu, nami niko tayari kufundisha kundi la kwanza muhula ujao.