Usukani Unaocheza

 Someni polepole pamoja nami.

Somo letu la leo ni juu ya gari. Pengine mmoja wenu atasema, "Mimi sina gari." Haidhuru. Je, hukupanda hata siku moja Land Rover ya zamani kwenda mnadani au hospitali? Siku ile maisha yako yalikuwa mikononi mwa dereva, na mikono ya dereva ilikuwa juu ya usukani. Basi somo hili ni lako pia.

Nitawapa habari fupi. Mwaka mmoja tulikuwa tukipeleka vitabu vya kisomo katika gari la namna hiyo. Njiani gurudumu la mbele liliingia katika shimo, na mara magurudumu yote mawili yakaanza kutetemeka kwa nguvu. Dereva alipunguza mwendo, akasimama, akaingia chini ya gari. Alikuta nati moja ya usukani haina pini yake. Nati ile ilikuwa imejifungua, imebaki kidogo tu ianguke. Kiungo kile kilikuwa kimetengenezwa wiki ile ile. Fundi aliweka kiungo kipya, akasahau pini ndogo, nyembamba kama njiti ya kiberiti. Tungeendelea mbele kidogo tu, tungekuwa bondeni.

Sasa tujifunze. Land Rover zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Ninayoisema leo ni ile iitwayo Series III, iliyotengenezwa tangu 1971 hata 1985. Nyingine bado zinafanya kazi. Ekseli yake ya mbele ni moja nzima, toka gurudumu hata gurudumu, nayo imefungwa juu ya springi mbili za majani.

Dereva akizungusha usukani, nguvu za mikono yake hupita njia ndefu. Kwanza huingia katika kisanduku cha usukani. Kutoka hapo hupita rodi ya kwanza, kwenda kwenye kiungo kikubwa kilicho ndani ya fremu, mbele kabisa. Kisha hupita rodi ya pili mpaka gurudumu moja. Rodi ya tatu, yaani tairodi, huunganisha gurudumu hilo na mwenzake. Kila rodi ina kiungo cha gololi huku na huku. Rodi 3, viungo 6.

Kila kiungo kikilika kidogo tu, dereva atazungusha usukani sana kabla magurudumu hayajageuka. Ndipo watu husema, "Usukani unacheza." Wengi hukimbilia dukani kununua kifaa kipya kabla ya kujua kilicholika. Wengine hukaza skrubu ya kisanduku cha usukani, kwa kuwa ni rahisi kuifikia. Hilo ni kosa kubwa. Kisanduku hulika zaidi katikati, pale magurudumu yanapokwenda moja kwa moja. Ukikikaza mpaka mchezo wa katikati uishe, kitashika dereva atakapokata kona. Tafuta kwanza, nunua baadaye. Kisanduku kiwe cha mwisho.

Utatafutaje? Mahitaji yako ni macho, mkono na mwenzako mmoja. Weka gari mahali tambarare. Zima injini, vuta breki ya mkono, weka kabari nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Magurudumu ya mbele yabaki chini. Mwambie mwenzako azungushe usukani kidogo kidogo, kushoto na kulia. Wewe shika kila kiungo kwa zamu. Rodi ikisogea, lakini mkono uliofungwa nayo ukachelewa kuifuata, kiungo hicho kimelika. Kitie alama ya chaki, uendelee na kingine.

Kisha inua gari kwa jeki, uliweke juu ya stendi imara. Usilale kamwe chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake, wala juu ya matofali. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, ulitikise tena. Mchezo ukiisha, beringi za gurudumu zimelegea. Mchezo ukibaki, shida iko kwenye kingpini, yaani zile pini za juu na chini ambazo gurudumu hugeukia.

Juu ya kingpini watu wengi hukosea. Wanadhani ni vizuri gurudumu ligeuke kwa wepesi sana. Sivyo. Katika gari hili pini ya juu hukaa ndani ya bushi iliyokusudiwa kulizuia gurudumu kidogo lisitetemeke. Chini ya pini hiyo kuna vipande vyembamba vya bati, viitwavyo shimu. Ukipunguza shimu, pini hukaza. Basi dereva akipita shimoni magurudumu yakatetemeka, usimfungie shokapu ya usukani ili kuficha ugonjwa. Tazama kingpini kwanza.

Sasa kazi ya kubadili kiungo cha tairodi. Kabla hujafungua, pima urefu wa rodi, ukauandike. Hapo ndipo kisomo chako kinapofanya kazi. Fungua nati, kisha piga nyundo ubavuni mwa tundu lililoshika kiungo, mpaka kiachie. Kumbuka kwamba upande mmoja wa rodi hufunguka kinyume, kwenda kulia. Asiyejua hilo hukaza akidhani anafungua. Funga kiungo kipya katika urefu ule ule, kaza nati, tia pini mpya. Pini ya zamani usiirudishe.

Baada ya hapo pima magurudumu. Yaelekeze mbele sawasawa. Pima kutoka rimu hadi rimu upande wa mbele, halafu upande wa nyuma, kwa kimo cha katikati ya gurudumu. Mbele pawe pembamba kuliko nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4. Usipofanya hivyo, tairi mpya zitalika upesi.

Springi nazo zisisahauliwe. Bushi za mpira zikilika, ekseli hutangatanga hata kama usukani ni mzima. Ukiweka bushi mpya, usikaze bolti zake gari likiwa hewani. Lishushe kwanza likae juu ya magurudumu yake, ndipo ukaze. Ukikaza likiwa hewani, mpira utajisokota gari likishuka, nao utapasuka mapema. Bolti za U zinazoshika ekseli zikaze tena baada ya safari ya kwanza.

Onyo la mwisho. Kile kiungo kikubwa kilicho ndani ya fremu kina springi yenye nguvu nyingi, iliyobanwa. Ukikifungua bila kuifunga springi hiyo, itaruka na kuweza kumwua mtu. Kikiwa kibovu, mpelekee fundi anayekijua, au weka kizima kingine. Kuacha kazi usiyoijua si aibu.

Basi ndugu zangu, gari la zamani si baya kwa sababu ya uzee wake. Ubaya ni kulitengeneza kwa kubahatisha. Na wewe usiye fundi, usione haya. Kabla hujampandisha mtoto wako, inama utazame zile nati za mbele. Ukiona nati yenye tundu la pini, na pini hamna, mwite dereva umwonyeshe. Akikasirika, akasirike.

MASWALI YA DARASANI
1. Gari hili lina rodi ngapi za usukani, na viungo vya gololi vingapi?
2. Kwa nini si vizuri kuanza kwa kukaza kisanduku cha usukani?
3. Utajuaje kama ni beringi au kingpini iliyolegea?
4. Bolti za bushi za springi hukazwa wakati gani?
5. Andika sentensi mbili utakazomwambia dereva ukiona nati haina pini.