Televisheni Bapa Nyumbani: Wenye Nazo Wanasemaje?

(Maelezo yaliyotolewa kwa wajumbe wa vikundi vya kuweka na kukopa, Mjini Unguja)



Leo tunajibu swali lililoletwa na vikundi vyenu: mwanachama akiomba mkopo wa kununua televisheni bapa ya inchi 32, apewe au asipewe? Wapo waliosema hiyo ni anasa. Wengine wakasema akiba ni ya mtu na atumie apendavyo. Badala ya kubishana, tuliwatembelea wanachama ambao tayari wanazo, kuanzia Mkunazini na Jang'ombe hadi Mwanakwerekwe na Makunduchi, tukawauliza wanazionaje.

Televisheni si jambo geni hapa kwetu. Televisheni Zanzibar, ambayo leo ni sehemu ya Shirika la Utangazaji Zanzibar (ZBC), ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena kwa rangi, wakati Bara walisubiri hadi mwaka 1994. Wazee wengi waliopo hapa wameikuta. Kilichobadilika ni chombo chenyewe: tumetoka kwenye TV ya chogo, tumeingia kwenye bapa.

Tuanze na sifa. Wengi walisifu wepesi na nafasi. Chumba cha Mji Mkongwe ni chembamba, na TV ya chogo ilimaliza meza nzima. Sifa ya pili ni umeme. Bapa ya inchi 32 yenye taa za LED hutumia wati 50 hivi. Ukiiwasha saa tano kwa siku, unatumia robo ya uniti, yaani uniti saba na nusu kwa mwezi. Kwa anayenunua umeme wa Tukuza kidogo kidogo, hesabu hiyo si ndogo. Sifa ya tatu ni maandishi: wanaofuatilia habari na matokeo ya mpira walisema sasa wanayasoma bila kusogelea kioo.

Sasa malalamiko. Tumeyapanga katika makundi manne.

Kwanza, picha. Baadhi walituambia, "Tumenunua mpya, lakini picha ina ukungu kuliko ile ya zamani." Televisheni ya picha angavu ina mistari 720 au 1,080, lakini haiwezi kutengeneza kisichotumwa. Kama kituo kinarusha picha ya kawaida, yenye mistari 576, kioo kipya kinaitanua tu na kasoro zake zinaonekana. Aidha, wengi wameunganisha king'amuzi kwa nyaya tatu za njano, nyekundu na nyeupe, ambazo hazipitishi picha angavu hata kama kituo kinairusha. Kama king'amuzi kina tundu la HDMI, tumieni waya huo. Wengine walilalamika kuwa watangazaji wamenenepa ghafla. Hiyo ni picha ya umbo la zamani iliyovutwa kujaza kioo kipana. Tafuteni kwenye rimoti sehemu ya kubadili umbo la picha.

Pili, sauti. Chombo ni chembamba, na spika zake ni ndogo, mara nyingi zimeelekea chini au nyuma. Mvua ikipiga kwenye bati, husikii kitu. Spika ndogo ya pembeni husaidia, lakini nayo ni gharama ya kuhesabiwa mapema.

Tatu, nyumba zetu na hewa yetu. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Skrubu huingia kirahisi, na hutoka kirahisi vilevile. Asiye na fundi anayezijua kuta hizo ni afadhali aiweke mezani, mbali na ukingo na watoto. Hewa ya chumvi na unyevu wa masika navyo hushambulia saketi za ndani. Acheni nafasi nyuma ipitishe hewa, msiiweke chini ya dirisha linaloelekea baharini, na msiifunike kwa kitambaa ikiwa inawaka.

Nne, na hili ndilo zito, umeme. Kisiwa hiki kinategemea umeme kutoka Bara kwa nyaya za chini ya bahari, na wa kwanza uliwekwa mwaka 1980. Tunakumbuka giza la mwezi mzima mwaka 2008, na lile la miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013, na hali ikawa nafuu. Hata hivyo, chombo hakiungui kwa kukosa umeme. Huungua pale umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo. Hivyo basi, kifaa cha kulinda, kinachosubiri kidogo kabla ya kuruhusu umeme, kihesabiwe kuwa ni sehemu ya bei ya televisheni.

Mama mmoja muuza vitumbua alichukua mkopo akanunua bapa iliyotumika, bila risiti wala dhamana. Mwezi wa pili ikazima, na fundi akasema kioo hakitengenezeki. Marejesho ya kila wiki yakaendelea, yakitoka kwenye fedha za unga na mafuta, mpaka mtaji ukaisha. Upande wa pili, kijana mmoja wa Makunduchi aliiweka kwenye banda lake la chai. Siku za mpira watu hujaa, kahawa inauzika, na deni amelimaliza kabla ya muda. Chombo ni kilekile. Tofauti ni kwamba mmoja alijua marejesho yatatoka wapi, na mwingine hakujua.

Kwa hiyo tunapendekeza kamati zenu zisikatae wala zisikubali kwa sababu ya jina la kitu. Ziulize maswali manne: Marejesho yatatoka kwenye kipato gani, na kipato hicho kipo leo? Je, mtaji wa biashara utabaki salama? Je, kuna risiti na dhamana ya maandishi? Je, bei iliyoombwa ina kifaa cha kulinda ndani yake? Jibu likiwa hapana, mshaurini mwanachama aweke akiba kwanza. Kuchelewa miezi sita hakumdhuru mtu.

Mwisho, msitupe TV za zamani ovyo. Kioo cha chogo kina madini ya risasi, na bapa za mwanzo zina taa zenye zebaki. Maji tunayokunywa Unguja hutoka chini ya ardhi hii ya mawe yenye matundu. Kinachotupwa shimoni leo kinaweza kurudi kwenye ndoo zetu kesho.

Sasa tunakaribisha maswali.