Kuchagua Shanta ya Kuwindia Milimani

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, nayo yapigwa chapa hapa kwa ombi lao.)



 Wengi wenu mwajua asili ya maneno yetu. Katika mkutano uliopita mwenzetu mmoja, mzee aliyekwisha kustaafu baada ya utumishi wa miaka mingi, alitusomea barua ya mwanawe anayekaa Alaska, katika Marekani. Kijana amwalika baba yake aende naye milimani msimu wa kuwinda kondoo mwitu. Baba hatashika bunduki, maana sheria ya huko haimruhusu mgeni wa nchi nyingine kuwinda wanyama wakubwa bila kiongozi mwenye leseni. Atasaidia tu kuchukua vyombo wakati wa kwenda, na nyama wakati wa kurudi. Mzee akatuuliza anunue shanta ya namna gani.

Hatukumjibu. Wengine walicheka, na mmoja akasema, "Karani mkuu mzima avuke bahari akawe mpagazi?" Mzee akaikunja barua yake, akaitia mfukoni, akakaa kimya mpaka mkutano ukaisha. Sisi tuliokuwa karibu naye tuliona haya. Kwa hiyo tumelichunguza jambo hili, na haya ndiyo majibu yetu. Tumeyagawa mafungu mawili: kwanza juu ya kile kicheko, na pili juu ya shanta yenyewe.

Juu ya kicheko, twasema kwamba kina historia yake. Zamani katika nchi zetu aliyekwenda kuwinda na aliyechukua mzigo walikuwa watu wawili. Katika misafara ya pembe za ndovu karne ya 19, mpagazi alitwikwa yapata frasila 2, ndiyo kilo 30 na zaidi, akaenda nazo kutoka bara hata pwani. Ndipo watu wakasema, "Mzigo mzito mpe Mnyamwezi," nao wakidhani wamemsifu. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa aende kuwinda, na wapagazi wa msafara wake walipita 200. Kisha vikaja Vita Vikuu vya 1914 hata 1918, na makumi ya maelfu ya wachukuzi wa nchi hizi wakafa kwa maradhi, njaa na uchovu. Mtu apitaye Kariakoo katika Dar es Salaam, au Kariokor katika Nairobi, hutamka jina la kikosi chao, hata asipojua.

Basi haikuwa ajabu kazi ya kuchukua mzigo kuonekana duni. Walakini tutazame matokeo yake. Mwindaji ambaye mzigo wake u kichwani pa mtu mwingine hana haja ya kujua uzito wake, wala hana haja ya kutafuta chombo cha kuupunguza. Wahenga walisema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Katika mwaka ule ule wa 1909, Mnorwe mmoja, Ole F. Bergan, alipata hati ya kuilinda shanta aliyoibuni. Yeye alikuwa mwindaji asiye na wapagazi, na shanta laini ilimchosha kwa kumwelemea mgongoni. Akaufikiria mti uliopindwa kwa umbo la mgongo, kisha akatengeneza kiunzi cha chuma cha kushika shanta isimlalie. Baadaye, katika miaka ya 1920, Lloyd Nelson wa Marekani alitengeneza shanta ya kiunzi cha mbao baada ya kuteseka Alaska na mzigo uliofungwa juu ya vijiti na ngozi. Mwaka 1952 Dick Kelty na mkewe Nena, katika California, wakaanza kutengeneza nyumbani mwao shanta za kiunzi cha alumini, zenye ukanda wa kuutua mzigo juu ya nyonga. Maarifa haya yote yalitoka kwa watu walioumizwa na mizigo yao wenyewe.

Wala si maarifa ya karne moja tu. Mwaka 1991, katika milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia, ilionekana maiti ya mtu iliyohifadhiwa na barafu kwa miaka kama 5,300, mahali palipo juu ya meta 3,200. Alikuwa na upinde na podo la mishale, na tumboni mwake mlikuwa na nyama ya mbuzi mwitu wa milimani. Karibu naye palikuwa na ufito wa mti uliopindwa pamoja na vibao viwili, na wataalamu waliuona kuwa kiunzi cha kuchukulia mzigo mgongoni. Mzee wetu, ukienda, hutakuwa wa kwanza.

Sasa twaingia katika fungu la pili. Shanta ya kuwindia milimani huchaguliwa kwa safari ya kurudi, si kwa safari ya kwenda. Hili ndilo neno kubwa tunalotaka mlichukue. Msafiri wa kawaida hupunguza mzigo wake kila siku, kwa kuwa chakula hupungua. Mwindaji ni kinyume: akifanikiwa, mzigo huongezeka siku anapokuwa amechoka zaidi, na njia huwa ya kuteremka, ambayo huvunja magoti. Kondoo mwitu dume wa Alaska huweza kufika kilo 130 akiwa hai. Hata ukitoa ngozi, matumbo na mifupa, nyama iliyobaki ni makumi ya kilo, na hema, blanketi na sufuria bado zakungoja.

Wala huwezi kusema, "Tutachukua pembe, na nyama tuwaachie tai." Sheria ya Alaska yamlazimisha mwindaji kuiokoa nyama ya mnyama mkubwa iliwayo. Anayemwua kondoo kama yule akaiacha nyama ipotee hupewa kifungo cha siku zisizopungua 7 na faini isiyopungua dola 2,500. Hata pasipo sheria, kuua mnyama na kumwachia mabuu ni aibu. Kwa hiyo shanta mbovu si hasara ya fedha tu. Yaweza kumtia mtu hatiani, au kumwangusha penye mawe mbali na msaada.

Basi mtu atazame mambo gani dukani? Sisi twataja matano.

La kwanza ni kipimo cha mgongo. Tulijifunza hili Kilimanjaro. Huko hakuna ruhusa ya kuwinda, kwa kuwa ni hifadhi ya taifa, nasi tulikwenda kupanda tu. Mmoja wetu alikataa kumpa mpagazi shanta yake, akataka kuichukua mwenyewe. Ilikuwa shanta nzuri, yenye mifuko mingi kila upande. Hatujafika Mandara, penye meta 2,720, mabega yake yalikwisha kufa ganzi, na ukanda wa kiuno ulikuwa umeshuka ukimpiga mapajani. Mpagazi mmoja kijana akamsimamisha, akasema, "Shikamoo mzee. Uniwie radhi, shanta hii si yako. Ni ya mtu mrefu." Tukacheka, kwa maana mwenzetu ni mrefu kutupita sote. Yule kijana akasema, "Mzee ni mrefu wa miguu. Mgongo wake ni mfupi." Akalegeza kanda hizi, akakaza zile, na mwenzetu akaweza kwenda.

Basi usipime kimo. Inamisha kichwa upapase ule mfupa utokezao nyuma ya shingo. Hapo ndipo mwanzo. Kisha shika kiuno kwa mikono miwili, vidole gumba vikielekea nyuma juu ya mifupa ya nyonga. Mstari ulio kati ya vidole gumba ndio mwisho. Urefu wa kati ndio kipimo cha shanta yako.

La pili ni ukanda wa kiuno. Ukanda huo sharti uwe mpana na mnene, nao ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Sehemu kubwa ya uzito yapasa kuwa hapo, ishuke miguuni. Kazi ya kanda za mabega ni kuizuia shanta isiende nyuma. Ukimaliza kujifunga na mabega yakaumia, jua kwamba ukanda haujafanya kazi yake.

La tatu ni kiunzi. Shanta isiyo na kiunzi yafaa vitabu vya mwanafunzi. Ukitia kilo 30 hujikunja kama gunia na kukuvuta nyuma. Shanta nyingi za wawindaji wa siku hizi zina mfuko unaoweza kutengwa na kiunzi, ili nyama ifungwe katikati, karibu na mgongo, na damu isichafue nguo na blanketi. Hii ni hekima, maana kitu kizito kikiwa karibu na uti wa mgongo, kati ya mabega, humsumbua mchukuzi kidogo kuliko kikining'inia mbali. Vitu vyepesi, kama blanketi, vikae chini.

La nne ni ukubwa na uzito wa shanta yenyewe. Kwa safari ya siku nyingi milimani, mfuko wa lita 80 hata 100 hutosha, mradi uwe na kanda za kuubana unapokuwa haujajaa. Shanta za namna hii huwa na kilo 2 na nusu hata 4 zikiwa tupu. Muuza duka atakusifia iliyo nyepesi kuliko zote. Usimkatalie upesi, wala usimkubalie upesi. Uliza kwanza imeshonwa kwa mzigo wa kilo ngapi. Kilo moja uliyoiokoa dukani yaweza kukugharimu ukanda utakaokatika mlimani.

La tano ni kitambaa. Kitambaa kikavu chenye kuparuza hupiga kelele kikigusa kichaka, na mnyama wa mlimani ana masikio na macho makali. Tafuta kilicho kigumu lakini kimya, chenye rangi ya majani makavu au mawe. Usitegemee neno la muuzaji kwamba hakipitishi maji. Tia nguo za kulalia katika mfuko wa plastiki ndani ya shanta. Na mwanao atakapofunga bunduki yake kwenye shanta ili apate mikono ya kupandia, mwulize kila mara kama ameitoa risasi. Wewe ndiwe utakayekuwa nyuma yake.

Mtu akichagua sana, wahenga humwonya kwamba mchagua nazi hupata koroma. Kwa hiyo twatoa njia moja ya kukata shauri. Kabla ya kununua, mwombe mwenye duka atie uzito wa kilo 20 ndani, utembee humo dukani kwa robo saa. Akikataa, nenda duka la pili. Ukiisha nunua, jaza madumu ya maji, upande kilima kilicho karibu nawe mara mbili kila juma. Mwanzo uyamwage maji ukifika juu, ushuke mwepesi, magoti yazoee pole pole. Baadaye ushuke nayo, maana hiyo ndiyo kazi yenyewe. Anza na kilo chache, uongeze kidogo kidogo, na kwanza umwone daktari. Umri wako si siri kwetu.

Bwana Rais, twakaribia mwisho. Leo mpagazi wa Kilimanjaro amewekewa mpaka wa mzigo wa kilo 20, na mizigo hupimwa langoni. Mpaka huo haukuwako katika misafara ya frasila mbili. Twaamini kwamba aliyewahi kuchukua kilo 20 kwa mgongo wake mwenyewe, siku nzima, hatasimama langoni akibishana na mpimaji amwongezee kijana wa watu kilo 3. Sisi tuliopanda pamoja na yule mwenzetu mrefu tuliona hivyo. Siku ya kushuka alikuwa wa kwanza kutoa vitu vyake katika mzigo wa mpagazi na kuvitia katika shanta yake.

Mzee wetu, mwanao hakukuita uwe mtumishi wake. Amekuita mgawane mzigo, na katika milima ile hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Nenda. Nunua shanta inayokufaa mgongo, si inayokupendeza macho. Nao waliocheka, nasi tulionyamaza wakicheka, tumeona vema tukuombe radhi hadharani, kama tulivyokukosea hadharani. Utakaporudi, utusomee barua nyingine, uliyoiandika wewe mwenyewe, utuambie nyama ilikuwa kilo ngapi na njia ilikuwaje.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo.