KONA ZA BOMBA NA HAKI YA KAYA YA MWISHO

Mazungumzo kwa wakazi wa kata kuhusu upotevu wa nguvu ya maji katika mabomba



Lalamiko linalosikika mara nyingi katika mikutano ya vijiji ni hili: tangi limejaa, bomba halivuji, lakini kaya za mwisho wa njia husubiri ndoo moja kwa muda mrefu. Wengi hudhani kuwa maji yameibwa. Wakati mwingine kilichopotea si maji, bali ni nguvu ya kuyasukuma.

Nguvu hiyo hupimwa kwa kimo. Tangi lililo mita 6 juu ya koki huyapa maji msukumo wa mita 6, wala hakuna zaidi. Msukumo huo ndio mtaji wote wa safari. Sehemu yake huliwa na msuguano wa kuta za bomba. Sehemu nyingine huliwa na viungio, yaani kona, tii na valvu.

Maji yanayokwenda kasi hupenda kunyooka. Yafikapo kwenye kona kali, husongamana upande wa nje, na upande wa ndani huacha ukuta na kufanya vizingia, kama mto uliofurika unapopinda penye mwamba. Vizingia hivyo hutumia nguvu bila kuyasogeza maji mbele, na nguvu hiyo hairudi tena.

Makadirio ya kihandisi huonyesha ukubwa wa jambo hili. Maji yakienda mita 2 kwa sekunde, kona moja ya kawaida ya nyuzi 90 hula takriban sentimita 18 za kimo. Kona nane hula karibu mita moja na nusu. Valvu ya kukaza kwa skrubu, ambayo maji hupanda na kushuka ndani yake, hula takriban mita 2 hata ikiwa wazi kabisa. Valvu ya lango iliyofunguliwa yote hula kama sentimita 4 tu. Katika mfano wa tangi la mita 6, kona nane na valvu moja ya skrubu zimekwisha kudai zaidi ya nusu ya mtaji. Maji hayawezi kudumisha mwendo huo. Hupunguza kasi, na ndoo hujaa polepole. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa njia hiyohiyo kibaba humwagwa.

Kasi nayo ina neno. Mwendo ukiongezeka mara mbili, upotevu katika kila kiungio huongezeka mara nne. Kwa hiyo bomba jembamba lenye kona nyingi ni hasara juu ya hasara. Bomba la kipenyo cha ndani cha milimita 25 likichukua nafasi ya lile la milimita 20, kwa kiasi kilekile cha maji, upotevu katika kila kona hushuka chini ya nusu.

Ni haki kusema pia kwamba katika bomba la kilomita kadhaa, msuguano wa kuta ndio mlaji mkuu. Viungio huumiza zaidi katika njia fupi: nyumba ya pampu, kituo cha kuchotea maji, na mabomba ya majumbani. Penye pampu, kila mita ya kimo inayopotea hulipiwa kwa dizeli au umeme, na mlipaji ni mwananchi.

Basi, kabla ya kuchimba mtaro, kaya na fundi wachore njia yenye kona chache. Bomba la plastiki la roli lipindwe taratibu ndani ya mtaro, lisikatwe na kuungwa kona pasipo haja. Bomba lisipindwe kwa moto, kwa kuwa hubonyea na kuziba njia. Mabaki ya plastiki yaondolewe kila bomba linapokatwa. Valvu za njia kuu zisifunguliwe nusu, isipokuwa kwa maelekezo ya msimamizi wa mradi anayegawa maji kwa zamu. Na asiwepo wa kujiunganishia mwenyewe, kwa maana kila tawi lisilopangwa humpunguzia msukumo jirani aliye mbele.

Maji ya mradi ni ya wote. Anayenyoosha bomba lake humsaidia pia yule aliye mwisho wa njia.