Ujumbe Wako Umeandikwa kwa Lugha Gani?

Programu-jalizi ya akili unde hutambua lugha ya ujumbe kwa kupima mfuatano wa herufi zake. Aya nzima huipa ushahidi. Neno moja halitoshi. Mtu akituandikia "Moto!" tu, mashine itababaika, kwa maana Wachewa na Washona nao husema moto.

Zaidi ya hayo, huchagua miongoni mwa lugha ilizofundishwa pekee. Kisukuma, chenye mamilioni ya wasemaji, hakimo katika programu nyingi. Basi barua ya Kisukuma kuhusu kisima kilichokauka yaweza kubandikwa jina la lugha ya ugenini, ikawekwa kando. Barua ya namna hiyo sharti isomwe na mtu. Nanyi andikeni sentensi mbili tatu, mkitaja kitongoji.